Lojban husomwa kama Kiswahili? Nusu ni kweli. Uzi wa matamshi na tahajia

Kiambishi:

Wakuu, salaam.

Kila mtu akiuliza habari za Lojban humu, jibu huwa lile lile: "Rahisi, inasomwa kama ilivyoandikwa, kama Kiswahili." Nusu ya jibu hilo ni kweli. Herufi zenyewe utazimudu jioni moja. Kinachomwangusha msemaji wa Kiswahili ni kitu kingine kabisa, na kwa kuwa sijaona kikielezwa kwa lugha yetu, nimeamua kufungua uzi.

Kwa mgeni wa mambo haya: Lojban ni lugha ya kubuni. Chimbuko lake ni Loglan, aliyoanza kuibuni James Cooke Brown mwaka 1955. Mwaka 1987 kundi la Logical Language Group likashika njia yake na kujenga Lojban, na kitabu cha sarufi kikatoka 1997. Wanachotaka ni sentensi isiyo na utata wa muundo, na kazi hiyo inaanzia kwenye sauti. Ukisikia mfululizo wa sauti, kuwe na njia moja tu ya kuukata uwe maneno. Kanuni zote za matamshi na tahajia zinatumikia jambo hilo, kwa hiyo ukiona kanuni ya ajabu jiulize kwanza inamsaidiaje msikilizaji.

Irabu a, e, i, o, u ni zetu zile zile. Konsonanti nyingi pia: b, d, f, g, k, l, m, n, p, r, s, t, v, z, hazina mtego (g daima ni ya "gari"). Zinazobaki ndizo za kuangalia:

c husomwa sh. "Coi", salamu yao, ni "shoi".
j si j yetu. Ni ile sauti laini ya jina la Kifaransa Jean, yaani z na sh zikikutana.
x ni kh ya "kheri" na "Sheikh", isiyo ghuna (yaani koo halitetemi). Usiifanye gh ya "ghali".
y ni irabu, si ile ya "yangu". Ni sauti hafifu ya mdomo uliolegea, kama a ya mwanzo katika neno la Kiingereza "about". Kwetu haipo.

Hakuna h, q wala w. Sauti ya h ipo, ila huandikwa kwa ritifaa na hukaa katikati ya irabu mbili tu: "co'o" (kwaheri) ni "shoho", "ki'e" (asante) ni "kihe".

Ya mtego mkubwa nitaileta hapo chini, tuanze na maswali.

Zumaridi:

Mkuu, nashukuru kwa uzi. Ila hiyo c kuwa sh na j kuwa kitu kingine ni kututesa bure. Kwa nini wasiandike sh na ch kama watu?

Kiambishi:

Kwa sababu ya msimamo wa herufi moja sauti moja. Ukiandika sh kwa herufi mbili, msomaji hajui kama ni sauti moja au s imefuatwa na h. Kiswahili kinavumilia hilo, Lojban haivumilii. Ch yetu kwao ni sauti mbili zilizoshikana, t na sh, hivyo huandikwa "tc". J yetu ni d na ile j laini, "dj".

Ukishajua hivyo mambo yanafunguka. "Tcadu" (mji) ni "chadu". "Djuno" (kujua) ni "juno". "Djacu" (maji) ni "jashu". "Cidja" (chakula) ni "shija" kabisa, hata ukiitamka kwa haraka hukosei.

kinubi77:

Mimi nukta ndizo zimenishinda. Naona maneno yameanza na nukta, mengine yamezungukwa na nukta pande zote mbili, halafu mwisho wa sentensi hakuna hata moja. Ni mbwembwe?

Mzee wa Tahajia:

Si mbwembwe, kijana. Nukta katika Lojban hutamkwa. Ni kituo kifupi, unakata pumzi kooni kidogo kisha unaendelea. Inakaa mbele ya kila neno linaloanza na irabu, ili irabu hiyo isigande kwenye neno lililotangulia, na inakaa mbele na nyuma ya majina. Kwa kuwa kanuni inaeleweka, wengi huacha kuiandika wanapopiga soga, lakini mdomoni haiachwi.

Mwisho wa sentensi hauhitaji alama kwa sababu alama zenyewe ni maneno. Sentensi mpya hufunguliwa kwa ".i". Swali la ndiyo au hapana lina neno "xu", kwa hiyo alama ya kuuliza ni ya nini? Hata alama za kunukuu zina maneno yake, "lu" ya kufungua na "li'u" ya kufunga. Unachokiona kwenye maandishi unakisikia, na usichokisikia hakimo.

Herufi kubwa nazo hazianzishi sentensi wala jina. Kazi yake ni kuonyesha mkazo pale unapokwenda kinyume na kawaida, basi.

Zumaridi:

Na ritifaa mzee, ukiiacha kuna hasara? Kwenye simu inachosha.

Mzee wa Tahajia:

Hasara kubwa. ".ui" ni neno la kuonyesha furaha, silabi moja, karibu na "wi". ".u'i" ni la kuchekeshwa, silabi mbili, "uhi". Ukiacha ritifaa umebadilisha neno. Wako wanaoandika h badala yake kwa sababu hiyo hiyo ya simu, na wanaeleweka. Ila kitu kimoja ukishike: ritifaa haihesabiwi kuwa konsonanti. Utaona umuhimu wake Kiambishi akifika kwenye mikazo.

Kiambishi:

Nafika sasa hivi, na hapa ndipo penye kiini cha uzi.

Maneno ya Lojban yana makundi matatu. Maneno madogo, "cmavo", yamejengwa kwa irabu, au konsonanti na irabu: mi, do, la, ki, ma. Maneno ya maana kamili, "brivla", kama nomino na vitenzi vyetu. Halafu majina, "cmevla", ambayo lazima yaishie kwa konsonanti.

Brivla hutambulikaje katika mfululizo wa sauti? Kwa alama tatu. Linaishia kwa irabu. Lina konsonanti mbili zilizofuatana ndani ya herufi tano za mwanzo (y na ritifaa hazihesabiwi). Na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno ya msingi, "gismu", yapo zaidi ya 1,300 na yote yana herufi tano kwa umbo hilo: klama (kwenda), tavla (kuzungumza), prenu (mtu), barda (kubwa).

Mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho! Kama Kiswahili! Hapo kila mtu wetu hufurahi, na hapo hapo ndipo anapoteleza. Midomo yetu imezoea kuchomeka irabu kati ya konsonanti. Klama inakuwa "kilama", prenu inakuwa "pirenu", tavla inakuwa "tavula", barda inakuwa "barida".

Si lafudhi hiyo, umevunja neno. "Ki", "la" na "ma" ni maneno madogo matatu yaliyopo. "Pi" ni nukta ya desimali, "re" ni mbili, "nu" ni ya tukio, kwa hiyo mtu wako amegeuka tarakimu. "Barida" ni "ba ri da", matatu tena. Karibu kila silabi ya konsonanti na irabu ni neno dogo tayari, kwa hiyo ukiondoa mfuatano wa konsonanti msikilizaji hana tena brivla la kushika.

Na tavla ina balaa la pili. Klama ukiichomeka irabu, mkazo angalau unabaki kwenye "la". Tavla mkazo wake ni TA. Ukisema "tavula" kwa mazoea yetu mkazo unahamia VU. Msikilizaji wa Lojban akisikia mkazo anajua kwamba imebaki silabi moja neno liishe, kwa hiyo umempoteza mara mbili.

Tumbili Msomi:

Napinga kidogo. Kitabu cha sarufi chenyewe kinaruhusu kuchomeka irabu kwa wale wasioweza mifuatano. Sasa unatunyima ruhusa tuliyopewa?

Kiambishi:

Ruhusa ipo, lakini soma masharti yake. Irabu ya kuchomeka isifanane na yoyote kati ya sita za Lojban, iwe fupi sana, isipokee mkazo, isihesabiwe kuwa silabi, na haiandikwi. Mfano wa irabu inayofaa ni ile fupi ya neno la Kiingereza "bit". Anayeitumia anashauriwa pia avute kidogo irabu za kweli ili tofauti isikike.

Msemaji wa Kiswahili anayo irabu hiyo? Hana. Sisi tunazo tano, na zote tano ni za Lojban pia. Tukichomeka tunachomeka i au u kamili. Ruhusa ile inamfaa mwenye irabu za ziada mfukoni.

Tumbili Msomi:

Hapo nimekuelewa, lakini bado naona ni kumtisha mwanafunzi. Kiswahili hakikosi konsonanti zinazofuatana. Labda, daftari, askari, maktaba, ratli. Hakuna anayelazimika kusema "labuda". Wako wanaosema hivyo, ila si wote. Na mwanzoni mwa neno tuna klabu, trekta, brashi, stempu. Anayesema "klabu" bila kuifanya "kilabu" ana klama tayari. Anayesema "labda" kwa silabi mbili, LAB-da, ana tavla na barda. Cukta (kitabu) ni kt ya maktaba. Afanye mazoezi kwa maneno yake, si kwa Kiingereza.

Kiambishi:

Hilo ni bora kuliko ushauri wowote niliousoma kwingine. Naongeza moja la kwetu: "mlatu" (paka). Kwa Lojban ni silabi mbili, mla-tu. Sisi tutaisoma m-la-tu, m ikisimama yenyewe kama ya "mlango". Mkazo unabaki mahali pake, "la", kwa hiyo mara nyingi hapatakuwa na kelele, ila jitahidi kuibana ile m iingie kwenye silabi moja na l. Vivyo hivyo "mleca" na "mrilu".

Mifuatano ya mwanzo wa neno inayoruhusiwa ni 48 tu, na mingine si ya mchezo: "jgita" (gita), "cmene" (jina), "ckule" (shule, isomwe "shkule"). Katikati ya neno inaruhusiwa mingi zaidi. Yanayokatazwa yana mantiki: konsonanti haijirudii, ghuna haikai na sighuna, yaani bd sawa, bt hapana, isipokuwa l, m, n, r zinazokaa na yeyote, c, j, s, z hazikai mbili pamoja. Halafu kuna tano zilizokatazwa kwa majina: cx, kx, xc, xk na mz.

kinubi77:

Kwa hiyo nikiandika sentensi nzima bila nafasi bado inasomeka?

Mzee wa Tahajia:

Inasomeka. Chukua "mitavlado", na mkazo uko TA. Silabi inayofuata mkazo ni "vla", basi neno limeishia hapo na "do" ni la pembeni. Mbele je? Linaweza kuwa "mitavla"? Hesabu herufi tano: m, i, t, a, v. L iko nje, kwa hiyo hakuna konsonanti mbili zinazofuatana ndani ya tano za mwanzo. "Mi" inadondoka yenyewe. "Ta" nayo ikidondoka inabaki "vla", silabi moja, ambayo haiwezi kuwa brivla. Limebaki jibu moja: mi tavla do, nazungumza nawe. Binafsi ndicho kitu kilichonifanya niipende lugha hii, maana sarufi yake nyingine inachosha.

Zumaridi:

Aisee! Kumbe mkazo ndio unaobeba mzigo wote.

Mzee wa Tahajia:

Ndiyo maana nakuongezea na mtego wa pili, dada, ambao Kiambishi ameusahau. Kiswahili hatuna diftongi. "Dau" ni silabi mbili, da-u. Kwao ai, ei, oi na au ni silabi moja, irabu ya pili inateleza tu. Jina la lugha yenyewe kwa lugha yenyewe ni "jbobau". Silabi ni mbili, JBO-bau, mkazo mwanzoni. Mswahili ataisoma jbo-BA-u, silabi tatu, mkazo umehama. Mtu anajitambulisha kwamba anasema jbobau na hapo hapo analikosea jina lake.

Ukitaka silabi mbili kweli, zinatenganishwa kwa ritifaa: "ba'u", bahu. Irabu mbili zikikaa bila ritifaa zinabanwa. Vivyo hivyo i na u mbele ya irabu nyingine hugeuka y na w zetu: ".ie" (nakubali) ni "ye", ".ua" ni "wa".

Na y ile hafifu haihesabiwi kwenye mkazo. "Dikyjvo" ina silabi tatu ukizipiga kwa kidole, di-ky-jvo, lakini "ky" inarukwa na mkazo unakaa DI.

Tumbili Msomi:

Na r na l vipi? Wengi wetu lugha mama zinazichanganya.

Kiambishi:

Zitenganishwe kwa nguvu zote. R yoyote inakubaliwa, ya kugonga au ya kuvuta, mradi si l. "Le gerku" ni yule mbwa ninayemtaja, "re gerku" ni mbwa wawili. "Ro prenu" ni kila mtu, "lo prenu" si kila mtu.

S na sh ni hatari zaidi. "Ci" (shi) ni tatu. "Si" ni neno la kufuta neno lililotangulia, ndiyo, wana neno la kufuta mdomoni. Sasa sema "mi ponse ci cukta", nina vitabu vitatu. Ukitamka s pale kwenye ci, "mi ponse si cukta", umefuta ponse. Kinachobaki ni "mi cukta": mimi ni kitabu.

kinubi77:

😂😂 Nimeisoma kwa sauti. Mimi ni kitabu.

Fatuma_Z:

Habari zenu. Tuandikieni basi majina yetu. Langu Fatuma, na nina ndugu Hamza, Rehema na Salama.

Mzee wa Tahajia:

Salama, mama. Jina lazima liishie kwa konsonanti, kwa hiyo majina yetu karibu yote huongezwa s au n. Uzuri ni kwamba s haiongezi silabi, mkazo unabaki ulipokuwa. Wewe ni .fatumas. na hakuna la kubadilisha.

Rehema ni .re'emas., h iko kati ya irabu mbili kwa hiyo ritifaa inatosha. Hamza ana matatizo mawili. H yake iko mwanzoni, ambako ritifaa haikai, hivyo wengi hutumia x. Na mz imekatazwa, umeiona hapo juu. Chomeka y, .xamyzas., mkazo ubaki XA kwa kuwa y hairuhusiwi kuubeba. Au ubadilishe m iwe n, .xanzas., ukubali hasara. Mimi ningechukua la kwanza.

Salama ni kisa. Kanuni ya zamani ilikataza jina kuwa na "la" ndani yake, kwa sababu "la" ndilo neno linalotangulia majina. Msikilizaji akisikia "salamas" angeweza kukata "sa la mas", yaani kuna mtu anaitwa Mas. Sasa wengi hufuata kanuni mpya: kituo mbele ya kila jina ni lazima, na kwa kuwa kituo kinaonyesha jina linaanzia wapi, katazo limepoteza kazi. Andika .salamas. na ukitamka usisahau kukata pumzi: la .salamas.

Fatuma_Z:

Ahsante sana mzee. Na jina la Yusufu?

Mzee wa Tahajia:

.iusufus., au .iusuf. kama nyumbani mnaishia kwenye f. Angalia tu kwamba hili la pili linahamishia mkazo kwenye IU.

Wanjiru_w:

Na mimi? Nimejaribu .uandjirus. kwa sababu j yetu ni dj, lakini programu ya kuchanganua sentensi, camxes, imelikataa.

Kiambishi:

Imelikataa kihalali. Mifuatano minne ya n na sauti hizo imekatazwa kabisa: ndj, ndz, ntc, nts. Nadhani unaona kwa nini. Masikioni "ndj" na "nj" hazitofautiani vya kutosha, na Lojban haikubali sauti mbili zinazokaribiana hivyo.

Una njia mbili. .uanydjirus., ambapo y inatenganisha na j yako inabaki ngumu kama ulivyozoea, au .uanjirus., ambapo d inaondoka na j inalainika. Mkazo katika yote mawili uko JI, kama unavyoitwa. La kwanza lina silabi moja hafifu ya ziada, la pili ni jepesi mdomoni. Camxes italipokea lolote kati ya hayo.